Mwongozo wa Kuamua Lini Mbwa Mgonjwa Arudishwe kwa Daktari

Mbwa amekwisha kuonwa na daktari, amechomwa sindano, nawe umerudi naye nyumbani ukiwa na vidonge mkononi. Siku ya kwanza unamchungulia kila baada ya dakika chache. Mashaka huanza siku ya pili au ya tatu: hajapona, lakini pia hajazidiwa, amekula kidogo kisha amerudi kulala, nawe umeshika simu bila kujua kama upige sasa au usubiri hadi kesho. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo.

Swali ambalo wengi wetu hujiuliza ni kama mbwa bado anaumwa, na swali hilo halitufikishi mbali, kwa kuwa mbwa aliyeanza matibabu jana ni lazima bado anaumwa. Swali linalofaa ni kama leo yupo pale ambapo daktari alisema atakuwa kufikia leo. Ugonjwa unaotibiwa kwa dawa inayoufaa huwa na kalenda yake, na kazi ya mfugaji ni kuijua kalenda hiyo tangu siku ya kwanza, kumpima mbwa wake kwa vipimo vinavyoweza kurudiwa, kisha kulinganisha. Ukifanya hivyo, uamuzi wa kurudi hautategemea tena hofu yako wala matumaini yako.

Kabla ya hatua zote: dalili zisizosubiri

Zipo hali ambazo hazihitaji kulinganishwa na chochote. Ukiziona, mpeleke mbwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane na hata kama ameonwa asubuhi ile ile: anapumua kwa shida au ulimi na fizi zimekuwa za bluu; fizi zimekuwa nyeupe; ameanguka na hawezi kusimama; anatoka damu isiyokoma; anajikaza kukojoa na hakitoki kitu; tumbo limevimba huku akijaribu kutapika bila kutoa chochote; degedege limezidi dakika 5 au limempata zaidi ya mara moja ndani ya saa 24; au uso umevimba ghafla baada ya sindano au kidonge. Mbwa mwenye tumbo lililovimba na anayetapika patupu huenda tumbo lake limejisokota, na hali hiyo huua ndani ya saa chache, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu.

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, anayetapika na kuhara damu, naye ni wa kupelekwa papo hapo. Piga simu kliniki kabla ya kuingia, kwa sababu ikiwa ni ugonjwa wa parvo, virusi vyake vinaweza kubaki sakafuni na kuwaambukiza wagonjwa wengine, na wahudumu watapenda kumpokea kwa mlango wa pembeni.

Kuna hali moja ambayo haraka yake ni ya namna nyingine. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayechuruzika mate na kushindwa kumeza, ambaye sauti yake imegeuka au anauma bila sababu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimfumbue mdomo ukitafuta mfupa uliokwama, wala usimbebe. Mfungie mahali peke yake, mpigie daktari wa mifugo aje au akuelekeze, na ikiwa mate yake yamegusa jeraha lako au amekuuma, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Ondoka kliniki na majibu manne

Uamuzi wa kurudi huanza kabla hujaondoka. Daktari akiwa anaandika dawa, muulize mambo manne na uyaandike mbele yake. La kwanza ni ugonjwa gani anaoudhani, na kama ana uhakika nao au anaujaribu kwa matibabu. La pili ni nini kitakachoanza kubadilika kwanza, na kufikia lini. La tatu ni jambo gani likitokea litaonyesha kwamba mambo hayaendi sawa. La nne ni lini anamtaka mbwa arudi hata kama ataonekana amepona.

Wafugaji wengi huona haya kuuliza swali la kwanza, kana kwamba wanamtilia shaka mtaalamu. Ukweli ni kwamba madaktari wengi hulifurahia, kwa sababu linawapa nafasi ya kusema waziwazi kwamba kuhara kuna visababishi vingi, kwamba wameanza na kinachowezekana zaidi, na kwamba kisipoitika ndani ya siku 2 watapima kinyesi au damu. Aliyeambiwa maneno hayo anajua kwamba safari ya pili ni sehemu ya matibabu, wala hatarudi kliniki akiwa na kinyongo kwamba safari ya kwanza ilikuwa bure.

Kama umekwisha kuondoka bila majibu haya, piga simu leo uyaombe. Bila hayo hutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Jifunze kupima, anza siku ambayo bado ametulia

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mimi nilipokosea.

Jike wangu wa kilo 12 alitibiwa kwa kuhara. Siku ya pili alikula, akanifuata hadi mlangoni, akatikisa mkia, nami nikasema moyoni kwamba amepona. Siku ya nne alisogea kwenye bakuli, akalinusa, akajilaza kando yake taratibu kama mtu aliyebeba mzigo mzito. Ndipo nilipoinua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Fizi ambazo nilizoea kuziona za waridi zilikuwa zimepauka karibu na rangi ya meno yenyewe, na nilipozibonyeza sikuona tofauti kati ya pale nilipobonyeza na pale ambapo sikubonyeza. Mkojo aliouacha kwenye sakafu asubuhi ile ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kipimo cha damu kilionyesha vijidudu vya babesia, vinavyoletwa na kupe na kupasua chembe nyekundu za damu. Alitibiwa akapona, lakini zile siku mbili nilizozipoteza nilizipoteza kwa kutazama mkia badala ya kutazama mdomo. Mbwa humtikisia mkia mtu wake hata anapokuwa hoi, na kwa hiyo mkia hauwezi kuwa kipimo.

Anza basi na fizi. Inua mdomo wa juu kando ya jino la chonge, mahali penye mwanga wa mchana. Fizi za mbwa mzima huwa za waridi na zenye unyevu unaoteleza. Bonyeza kwa ncha ya kidole hadi pawe peupe, kisha achilia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Weupe ni ishara ya upungufu wa damu au mshtuko wa mwili, manjano huashiria ini au kupasuka kwa chembe za damu, na wekundu wa tofali unaweza kutokana na sumu kuenea mwilini au joto kali. Fizi zinazonata kidole zinaonyesha kwamba maji yamepungua mwilini. Kuna mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili. Kwa hao, vuta kope la chini la jicho na utazame utando wa ndani yake.

Pumzi huhesabiwa mbwa akiwa usingizini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mbwa aliyelala vizuri kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Usihesabu anapoota ndoto huku miguu ikichezacheza, wala anapohema kwa joto, maana hesabu hizo hazina maana. Hesabu ikivuka 30 mara kwa mara, mpigie daktari siku hiyo. Ikivuka 40 akiwa amelala kabisa, usisubiri asubuhi. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa moyo, kipimo hiki huwahi kuonyesha maji yanayojikusanya kwenye mapafu kabla hata hajaanza kukohoa, na hakigharimu chochote zaidi ya saa yenye mkono wa sekunde.

Joto hupimwa kwa kipimajoto cha dijitali kilichopakwa mafuta ya mgando, kikiingizwa taratibu kwenye njia ya haja kubwa kiasi cha sentimita 2 hivi, huku mtu mwingine akimshika mbwa kwa upole na kuzungumza naye. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzijoto 38.3 na 39.2, yaani ni juu kuliko la binadamu, na ndiyo sababu kumgusa pua au masikio hakukuambii lolote la maana. Mbwa aliyepumzika kivulini na bado ana zaidi ya 39.5 ana homa. Ikifika 40, ongea na daktari siku hiyo hiyo. Ikifika 41, au ikishuka chini ya 37.2, ni dharura. Mbwa akikataa kipimajoto kwa kung'ata, acha. Vipimo vingine vitatosha.

Kwa upungufu wa maji, vuta juu ngozi ya mabegani na uiachie. Inapaswa kurudi mara moja. Ikisimama kama hema au kurudi polepole, amepungukiwa na maji, ingawa kwa mbwa mzee au aliyekonda sana ngozi hulegea kwa sababu nyingine, na kwa mbwa mnene inaweza kurudi haraka hata kama maji yamepungua. Linganisha daima na unyevu wa fizi.

Mwisho pima uzito. Simama juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha usimame peke yako, na utoe. Mbwa asiyeongezeka uzito wiki kadhaa baada ya ugonjwa, hata kama anakula bakuli zima, ana jambo ambalo halijaisha.

Hatua ya 3: Andika asubuhi na jioni

Chukua karatasi moja, uibandike karibu na mahali mbwa analala. Andika saa ileile kila siku: amekula sehemu gani ya chakula chake, amekunywa maji kiasi gani, ametapika mara ngapi, kinyesi kilikuwaje, mkojo ulikuwa wa rangi gani, fizi, pumzi, joto, na saa aliyopewa dawa. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: «Jumanne jioni. Nusu ya chakula. Hakutapika. Kinyesi kama uji, hakina damu. Fizi waridi, sekunde 1. Pumzi 22. Joto 39.0. Kidonge saa 2 usiku, kimekaa.»

Mistari mitatu ya namna hiyo inaonyesha mwelekeo. Mbwa aliyekula robo jana, nusu leo asubuhi na nusu leo jioni anapanda, hata kama bado amelala siku nzima. Aliyekula bakuli zima jana, nusu asubuhi na akanusa tu jioni anashuka, hata kama sasa hivi anakutazama kwa macho angavu. Anayeshuka baada ya kupanda ndiye wa kurudishwa kabla ya wote, kwa sababu kushuka huko kunaonyesha kwamba dawa imekosa nguvu, au kwamba kuna ugonjwa wa pili chini ya ule wa kwanza, kama ilivyokuwa kwa jike wangu.

Hatua ya 4: Linganisha na kalenda ya ugonjwa wenyewe

Kila ugonjwa una muda wake, na maneno ya daktari wako yatangulie haya yafuatayo. Hata hivyo kuna mipaka ambayo hubadilika kidogo sana.

Kutapika kunapaswa kukoma mapema. Mbwa aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika, kisha akatapika tena mara 2 au zaidi ndani ya saa 24, au asiyeweza kubakiza hata maji, anahitaji kurudi. Inawezekana kuna kitu kimeziba utumbo, na dawa inayonyamazisha kutapika haiondoi jiwe, kitambaa wala mbegu ya tunda iliyokwama. Mbwa mzima asiyekula kabisa kwa saa 24 baada ya matibabu ni wa kupigiwa simu. Mtoto wa mbwa usimsubiri hata nusu siku, kwa kuwa sukari ya damu yake hushuka haraka na humlegeza hadi kuzimia.

Kuhara huchukua muda zaidi. Kufikia siku ya pili au ya tatu kinyesi kinapaswa kuwa kimeanza kushikana na safari za kwenda nje zimepungua. Isipokuwa hivyo, rudi. Ukiona damu mpya ambayo haikuwepo, rudi bila kusubiri siku ya tatu. Kuna jambo linalowatisha wengi bila sababu: kuhara kukikoma, mbwa anaweza kukaa siku moja au mbili bila kwenda haja kubwa kabisa. Ikiwa anakula, anakunywa na tumbo lake ni laini, utumbo umekuwa mtupu tu na unajijaza upya.

Antibiotiki hupewa saa 48 hadi 72 za kuonyesha kama inafanya kazi. Katika muda huo homa inapaswa kushuka na hamu ya chakula kurudi, ingawa kikohozi au usaha unaweza kuendelea kidogo. Saa 72 zikipita bila badiliko lolote, mwambie daktari, kwa sababu huenda vimelea hivyo havisikii dawa hiyo au tatizo si bakteria. Asipoeleza vinginevyo, usikatishe dozi mwenyewe kwa kuwa mbwa amechangamka. Homa ya kupe inayosababishwa na bakteria aitwaye elikia hutibiwa kwa doksisaikilini kwa takriban siku 28, ingawa mbwa wengi huanza kuchangamka ndani ya siku chache za mwanzo, na pengo hilo kati ya kuchangamka na kupona ndilo linalowafanya wafugaji wengi waache vidonge siku ya kumi. Mbwa wa homa ya kupe anayetokwa damu puani, mwenye madoa mekundu tumboni, au ambaye fizi zake zinazidi kupauka, arudi siku hiyo.

Baada ya upasuaji, usingizi na kuyumba kidogo ni vya kawaida kwa saa 24 za kwanza. Kidonda kiangaliwe mara mbili kwa siku. Wekundu mwepesi na uvimbe mdogo wa siku mbili tatu za mwanzo si wa kutisha iwapo unapungua. Kinachokurudisha ni uvimbe unaoongezeka, joto, harufu, usaha, nyuzi zilizoachia, au mwanya unaoonyesha nyama ya ndani. Nyuzi za nje kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kola pana ya plastiki isivuliwe kwa huruma. Dakika chache za kulamba zinatosha kufungua mshono wa wiki nzima, na nimeona jambo hilo likitokea wakati mwenye mbwa amekwenda kufungua mlango tu.

Macho hayana subira. Jicho linalofumbwa zaidi kuliko jana, lililoingia ukungu au rangi ya bluu, lirudishwe siku hiyo hiyo. Na usitie dawa ya macho iliyobaki kutoka ugonjwa wa zamani, kwa sababu nyingi zina steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, na steroidi kwenye kidonda cha jicho inaweza kulitoboa.

Mguu unaochechemea unapaswa kuwa na nafuu ndani ya siku chache. Mbwa asiyekanyaga kabisa, au mguu uliovimba zaidi baada ya dawa, anahitaji picha ya eksirei ikiwa hakupigwa mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Tenganisha ugonjwa na dawa

Mara nyingi dalili mpya hutoka kwenye pakiti ya dawa. Prednisoloni na steroidi nyingine humfanya mbwa anywe maji mengi, akojoe mara kwa mara na awe na njaa ya ajabu. Hilo linatarajiwa. Halikupi ruhusa ya kuikatisha ghafla, kwani mwili ulioizoea unaweza kuanguka; mpigie daktari aipunguze kwa mpango. Dawa za kifafa nazo hazikatizwi ghafla, kwani degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo steroidi ni habari nyingine. Mbwa anayezitumia akikataa chakula, akitapika, au kinyesi chake kikawa cheusi na chenye kunata kama lami, acha kumpa kidonge kinachofuata na upige simu hapo hapo. Weusi huo ni damu iliyomeng'enywa, na chanzo chake kinaweza kuwa kidonda cha tumbo. Usimwongezee dawa ya binadamu kwa kumwonea huruma: ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli zinaweza kumdhuru vibaya figo, tumbo au ini.

Metronidazoli, antibiotiki inayotumika mara nyingi kwa kuhara, ni chungu, na mbwa hutoka mate akishaionja, hayo hupita. Akianza kuyumba au macho yakichezacheza upande kwa upande, hayo ni madhara kwenye ubongo, na daktari aelezwe siku hiyo. Doksisaikilini inapaswa kutolewa pamoja na chakula na maji, maana kidonge kikikwama kwenye koo la chakula hulichoma.

Mbwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza dawa, usirudie dozi kwa kubahatisha. Andika dakika ngapi zilipita na kama uliona kidonge kwenye matapishi, kisha uulize.

Hatua ya 6: Amua kati ya kusubiri, kupiga simu na kwenda

Subiri ikiwa mistari ya karatasi yako inapanda, fizi ni za waridi, anakunywa, na tarehe uliyopewa haijafika. Ni halali kusubiri ukiwa na ushahidi huo, na huna haja ya kujilaumu kwa kutomkimbiza kila anapopiga chafya.

Piga simu ikiwa karatasi imesimama pale pale kwa saa 24, ikiwa dalili mpya imezuka, au ikiwa umeshindwa kumpa dawa. Hili la mwisho watu huficha kwa aibu. Daktari akidhani mbwa amemeza vidonge sita kumbe alitema vinne, atabadilisha dawa ambayo haijajaribiwa. Mweleze ukweli, dawa nyingi zinapatikana pia kwa maji au kwa sindano.

Simu nzuri ni fupi na ina namba. «Daktari, habari za asubuhi. Mimi ni mwenye yule jike wa kilo 12 aliyeletwa Jumatatu kwa kuhara. Kutapika kumekoma. Kinyesi bado ni maji, mara tano tangu jana, na leo kina ute. Joto 39.7, fizi zinanata kidogo. Amemeza dawa zote. Ulisema kufikia leo kingeanza kushikana. Nimlete?» Maelezo hayo humwezesha daktari kuamua kwa dakika moja, ilhali «naona hayuko sawa» humlazimu kuuliza maswali kumi. Pamoja na hayo, kama vipimo vyote ni vizuri na bado unahisi kwamba mbwa unayeishi naye miaka yote si yule unayemjua, sema hivyo pia. Umemtazama kwa muda mrefu kuliko yeyote, na daktari makini ataliwekea neno hilo uzito.

Nenda bila kupiga simu kwanza, au piga ukiwa njiani, kwa dalili za mwanzo wa mwongozo huu (isipokuwa za kichaa cha mbwa, ambapo humbebi bali unampigia daktari), na kwa mbwa anayeshuka haraka: yaani aliyekuwa anatembea asubuhi na jioni hawezi kuinuka. Kuwa mwepesi zaidi kwa mtoto wa mbwa, mbwa mzee, mwenye mimba au anayenyonyesha, na mwenye kisukari, figo au moyo. Kwa hawa, gawanya kwa nusu muda wowote wa kusubiri uliotajwa hapo juu.

Hatua ya 7: Rudi hata ukimwona amepona, pale ulipoambiwa

Ziara hii ndiyo inayoachwa kuliko zote, na ninaelewa kwa nini: kuna gharama, kuna safari, na mbwa anarukaruka. Lakini yapo magonjwa yanayojificha. Sikio huacha kunuka na kuwasha wakati ndani kabisa, karibu na kiwambo, fangasi au bakteria bado wapo. Daktari pekee ndiye anayeweza kulichungulia na kuchukua sampuli kabla dawa haijasimamishwa. Ukurutu wa demodeksi, yaani wa utitiri wanaoishi ndani ya ngozi, hutibiwa hadi ngozi ikwaruzwe na isionekane na utitiri mara 2, kwa nafasi ya takriban mwezi mmoja, ijapokuwa manyoya yamekwisha kuota. Babesia inaweza kuondoka na kuacha upungufu wa damu unaohitaji kupimwa tena. Mbwa aliyeanzishiwa fenobabitali kwa kifafa hupimwa kiwango cha dawa katika damu baada ya wiki 2 hadi 3, na kipimo hicho hakina uhusiano na jinsi anavyoonekana.

Tazama pia maji anayokunywa wiki zinazofuata. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, bila steroidi wala joto kali kueleza sababu, figo, kisukari au homoni vichunguzwe. Kwa mbwa wa kilo 12 hiyo ni zaidi ya lita 1.2.

Hatua ya 8: Unaporudi, beba vitu na uliza upya

Beba ile karatasi, pakiti za dawa zote pamoja na vidonge vilivyobaki ili vihesabiwe, kinyesi kibichi cha siku hiyo kwenye kichupa safi, na video fupi ya kile kinachotokea nyumbani. Kikohozi, degedege na kuchechemea vina tabia ya kutoweka mbele ya daktari. Uliza kama mbwa aje bila kula, endapo atahitaji dawa ya usingizi. Kwa mtoto wa mbwa na mgonjwa wa kisukari, usimfungishe kabla ya kuambiwa.

Ukirudi mara ya pili kwa tatizo lile lile na hali haijabadilika, ni haki yako kuomba kipimo ambacho hakikufanywa mwanzoni, au kuomba nakala ya majibu ili daktari mwingine naye atazame. Liombe kwa heshima, kwa maneno ya kawaida: «Daktari, ningependa kupata maoni ya pili, naomba unisaidie na majibu yake yote ya vipimo.» Usimhamishe mbwa kimyakimya bila kumbukumbu zake, kwa sababu daktari wa pili ataanza upya na pengine atampa dawa ambayo haipatani na ile ambayo bado imo mwilini. Steroidi na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kwa mfano, zikikutana huweza kulitoboa tumbo.

Kisha, kabla hujatoka mlangoni, fungua upande wa pili wa karatasi na uulize yale maswali manne tena, kwa kuwa dawa mpya ina kalenda mpya.